Safari ya Rhode Island: tujiandae

Habari za jioni wapendwa. Ijumaa ijayo tunaelekea Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani. Tutapiga mahema Burlingame, kando ya ziwa la Watchaug. Jumamosi alfajiri tunawahi feri bandari ya Point Judith kwenda kisiwa cha Block Island. Natamani sana wote muone magenge ya Mohegan Bluffs, udongo umesimama wima juu ya bahari. Jumapili mji wa Newport, tutembee Cliff Walk, njia ya miguu juu ya magenge ya bahari.

Kuni msibebe, tutanunua hukohuko; kuni za mbali husambaza wadudu wanaoua miti. Na kupe jamani! Wanaleta ugonjwa wa Lyme. Suruali ndefu, ichomekwe kwenye soksi, na kila jioni watoto wakaguliwe nyuma ya masikio na magoti.

Sufuria kubwa ya pilau anayo nani? Nijibuni kabla ya Jumatano.