Ludwig si "Ladwig"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jina la Kijerumani ambalo hapa Dar es Salaam tumezoea kulisoma kwa ulimi wa Kiingereza. Katika mahafali ya darasa la saba ya mjukuu wangu, mshereheshaji aliita "Ladwigi" mara tatu, na mtoto, ambaye tangu azaliwe tunamwita Luutvik, akabaki ameketi akimtazama mama yake hadi mwalimu alipomgusa bega.

Jina lenyewe huandikwa Ludwig. Kwa Wajerumani, u yake ni ndefu kama ya "kuu", w husomwa v, na d inayofunga silabi husikika t. Mwisho wake ndio wenye tofauti: kaskazini huitamka g hiyo kwa sauti laini iliyo kati ya h na sh, ilhali kusini na Austria wengi humalizia kwa k, na sisi tumefuata hao wa kusini kwa kuwa k tunaiweza. "La" haimo kabisa.

Limeundwa kwa maneno mawili ya Kijerumani cha kale, hlud, yaani mwenye sifa zilizovuma, na wig, vita. Kilatini kikaliandika Ludovicus, Wafaransa wakapata Louis, na kwa mlango wa kanisa likatufikia sisi likiwa Ludoviko au Ludovick, jina ambalo Kilimanjaro na Kagera si geni hata kidogo. Marehemu baba yangu alibatizwa Ludoviko. Mtoto yule amerithi jina lake, na linapoharibiwa hadharani mimi huumia.

Hata Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake, wanafunzi wetu humwita "Ladwig". Inasikitisha, maana wazee wetu walilisikiliza neno la Kijerumani Schule wakaandika shule, wakaisikia Heller, sarafu ya Wajerumani, wakapata hela, bila kuyapitisha kwa Mwingereza.

Nawaomba washereheshaji na watangazaji wamuulize mwenye jina kabla ya kushika kipaza sauti. Mjukuu wangu anaanza kidato cha kwanza Januari, nami nimekwisha kuandika kwa penseli, juu ya jina lake kwenye fomu ya kujiunga: Luutvik.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam