Kamba ya buku na shimo lisiloisha

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika kwenye safu hii kwamba serikali imeelemewa na barabara za vijijini, basi waachiwe watu binafsi wazitengeneze na kutoza wanaopita. Napenda kumjulisha kuwa huku Uporoto, juu ya Isyonje, tunao mpango huo msimu wa tatu sasa. Sisi tunauita kamba.

Ni kamba ya katani. Upande mmoja imefungwa kwenye mlingoti, upande wa pili kaishika kijana, katikati kinaning'inia kitambaa chekundu ili dereva asiseme hakuona. Mbele yake kuna shimo walilolijaza mawe na magogo. Bodaboda jero, gari dogo buku, Fuso elfu tano. "Mama, buku tu, tuko hapa tangu alfajiri hatujala." Na ni kweli, tope limewafika magotini. Sina ugomvi nao. Wawili kati yao nimewaona wakizaliwa, na mwaka ule wa kwanza viazi vyangu visingefika lami bila wao.

Ugomvi wangu ni na shimo lenyewe. Siku moja Fuso ilinasa, nikashuka nikalitazama vizuri. Maji yanateremka kutoka mashamba ya juu, hayana mtaro, yanaikata barabara palepale kila mwaka. Nikamuuliza kijana: mko sita, mbona msichimbe mtaro siku mbili tatu tu yaishe? Akacheka. "Mama, tukichimba mtaro tutakula wapi?"

Nilikosa la kumjibu. Shimo likishakuwa shamba la mtu, atalipalilia.

Kifuku kilipokolea, Fuso ikapanda hadi elfu kumi. Hilo pia siwalaumu sana, maana hata mimi viazi vikiadimika napandisha. Ila dalali hakuitoa mfukoni mwake elfu kumi ile. Aliikata kwenye bei ya gunia langu, na gunia lenyewe lumbesa, lina kilemba juu, wakati sheria inasema lisizidi kilo 100.

Sasa huyu msomaji anaandika kana kwamba barabara ya serikali tunapewa bure. Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bodaboda anayenipeleka Uyole anailipa kila akijaza mafuta, na mimi namlipa yeye. Ushuru wa mazao nao, kisheria mlipaji ni mnunuzi. Njoo sokoni uone unatoka kwa nani. Barabara moja nimeilipia kwenye mafuta, kwenye ushuru, na tena kwenye kamba.

Wazee wenzangu watakumbuka miaka ya 1970, bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima, uwe mkulima wa huku Mbeya au wa jirani na Dar es Salaam. Ubaya wa njia ulikuwa hasara ya serikali, si yako. Sitamani turudi huko, yalikuwa na matatizo yake. Lakini tangu soko liachiwe huru, kila shimo kati ya shamba langu na lami linatoka kwenye bei yangu, na aliyeliachia soko hakuniachia kalavati.

Nimekwenda ofisini mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa bajeti. Mara ya pili nikaambiwa greda. Jamani, mimi siombi greda! Naomba kalavati mbili na mtaro ambao mtu mwenye jembe anaumaliza. Sheria za ununuzi wa umma zinatenga asilimia 30 kwa vikundi maalumu, vijana wakiwemo. Basi hawa wa kamba wasajiliwe kikundi, wapewe kazi ya kuuchimba na kuusafisha, walipwe kwa mita ya mtaro inayopitisha maji, wasilipwe kwa gari lililonasa.

Niliwaeleza wenyewe palepale kwenye mlingoti. Hawakukataa. Mkubwa wao aliuliza jambo moja tu: hayo malipo ya serikali yanachukua muda gani kutoka? Swali lake nimelifikisha kwa mtendaji wetu. Wiki ya tatu hii sijapata jibu, na jana nimelipa buku.

Mama wa viazi,
Isyonje, Mbeya