Kwa Mama Chebet wa Salgaa, kuhusu vyumba na malori ya Uganda

Busia, Jumapili jioni

Mama Chebet mpendwa,

Barua yako nimeipata kutoka kwa yule dereva wa trela ya chumvi, na asali pia imefika. Ahsante sana. Huku hatujambo. Nafula amerudi shule, mama mkwe anakusalimu, na mvua imetuachia matope ya kutosha mpaka mlangoni pa forodha.

Sasa nijibu swali lako, maana naona ndilo lililokufanya uandike. Sako, chama chako cha akiba na mikopo, imekubali kukukopesha ujenge vyumba vya kulala madereva nyuma ya hoteli yako ya chakula hapo Salgaa, kwenye barabara kuu ya malori ya Mombasa hadi Uganda, lakini kila jioni kuna mtu anayemaliza ugali wake kisha anakutangazia kuwa Waganda wanahamia Tanzania, malori yataisha, nawe utabaki na vyumba vya kufugia popo. Unataka nikwambie kama ni kweli, kwa kuwa mimi ndiye navuka kwenda Uganda kununua maharagwe. Ni kweli nusu, na hiyo nusu ya pili ndiyo yenye pesa zako, kwa hiyo nivumilie niandike kwa urefu.

Uganda ni mojawapo ya nchi 16 za Afrika zisizo na bahari, lakini usidhani ni nchi kavu. Kama moja ya sita ya eneo lake ni maziwa, mito na vinamasi. Katika hili Ziwa Victoria tunalojivunia Kisumu, sisi Wakenya tuna asilimia 6 tu, wao wana 43. Mto Nile unatokea kwao Jinja, na wameupangia mabwawa ya umeme tangu lile la kwanza lililofunguliwa mwaka 1954 hadi la Karuma la megawati 600. Umeme mwingine unaowaka huku magharibi hununuliwa kwao na kuja kwa nyaya kupitia Tororo. Watu walihesabiwa mwaka 2024 wakawa karibu milioni 46. Hao wote, mama, wanahitaji petroli, mabati, ngano, mbolea, mitumba na magari yaliyotumika, na sehemu kubwa ya vitu hivyo hushushwa Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala. Katika mizigo yote ya nchi jirani inayopita bandari yetu, zaidi ya nusu ni yao.

Jambo ambalo wateja wako hawalijui ni kwamba Kenya haiwezi kuutoza ushuru mzigo huo kwa kuwa tu umepita. Mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 unaipa nchi isiyo na pwani haki ya kuifikia bahari kupitia kwa jirani, na unakataza mizigo inayopita kutozwa ushuru wa forodha. Kwa hiyo faida ya Kenya iko kwenye huduma: ada za bandari, bomba la mafuta, kodi za malori, dizeli, matairi, na ugali matumbo wa Salgaa. Serikali inapata yake, lakini zinazobaki barabarani zinawafikia watu kama wewe. Mtu akikwambia Uganda inatutegemea, muulize basi miji ya malori kama Mlolongo, Salgaa, Burnt Forest na Malaba inamtegemea nani.

Mambo haya ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Reli ya Uganda, ambayo ndiyo iliyoleta nusu ya miji yetu, ilifika Kisumu Desemba 1901 ikaishia hapo, mizigo ikapakiwa melini kwenda Entebbe. Wakati huo Kisumu yenyewe ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda, na Nakuru pia, na hapo Salgaa unapokaangia samaki! Ni Aprili 1902 ndipo Waingereza walipousogeza mpaka, jimbo zima la mashariki la Uganda likawa letu. Kampala haikuifikia reli moja kwa moja mpaka 1931. Idi Amin aliufufua mpaka huo wa zamani Februari 1976, akadai nchi hadi karibu na Nairobi. Mzee Kenyatta hakuhitaji kupigana vita. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma kugusa mizigo ya Uganda, na maneno ya Kampala yakalainika. Nadhani kuanzia siku hiyo kila kiongozi wa kule amejua ufunguo uko wapi.

Lakini kilichowaumiza hasa ni Januari 2008. Hii huhitaji nikukumbushe, wewe ulikuwa Nakuru. Vijana wetu waling'oa reli Kibera, barabara ikafungwa kwa mawe na magurudumu yanayowaka, na Kampala ikakaukiwa mafuta kwa uchaguzi ambao hakuna Mganda aliyepiga kura. Rwanda nayo ikakwama. Nchi isiyo na pwani ni kama boma ambalo njia yake ya kisimani inapita uani kwa jirani: hata mkipendana vipi, siku jirani na mkewe wanapopigana wewe ndiye unayelala na kiu. Tangu hapo wamekuwa wakitafuta njia ya pili, na siwalaumu hata kidogo.

Njia hiyo ya pili ndiyo wateja wako wanayoizungumzia. Mafuta ghafi waliyoyagundua karibu na Ziwa Albert mwaka 2006 yalitarajiwa kupitia Turkana hadi Lamu. Mwaka 2016 wakaamua yapite Tanzania, na ndilo hilo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Inabidi lipashwe moto njia nzima, kwa sababu mafuta yale yana nta na huganda yakipoa. Kuna pia barabara ya Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, na kuna meli ya MV Umoja inayobeba mabehewa ziwani kutoka Mwanza hadi Port Bell karibu na Kampala. Hayo yote ni kweli. Ila ukiyaangalia vizuri utaona bomba la Hoima ni la kutoa mafuta nje, halijawahi kuwa na lori lake Salgaa, kwa hiyo hujapoteza sahani hata moja. Na kwa mizigo inayoingia, Dar es Salaam iko mbali zaidi na Kampala kuliko Mombasa. Mfanyabiashara ana hasira, lakini pia ana kikokotoo.

Ugomvi wa mafuta ya kuingiza wa mwaka 2023 ndio uliowatia watu hofu zaidi. Kampala ilichoka kununua kupitia kampuni za Kenya, ikataka kampuni yake ya taifa iagize yenyewe. Tukawawekea ngumu, wakatushtaki katika mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, wakaanza na mazungumzo ya kutumia Tanga. Mwisho wake? Tangu 2024 wanaagiza wenyewe, na mafuta bado yanashukia Mombasa na kupita kwenye bomba letu. Aliyebadilika ni mwenye risiti. Halafu kumbuka, mama, tangi za kwenda Uganda nyingi hupakia Eldoret na Kisumu, bomba linakoishia. Hazipandi mlima kwako. Hata wakihamisha kila lita, sufuria zako hazitajua.

Wewe wa kwako ni malori ya makontena na mizigo mikavu. Hayo yote lazima yapite Salgaa kabla ya kugawana Mau Summit, ya Busia yakishika Kericho na ya Malaba yakishika Eldoret. Na hapa nadhani wateja wako wamekosea mchawi. Unasema malori yanaonekana mengi lakini wanaolala wamepungua. Hiyo haikuletwa na Tanzania. Tangu 2014 ushuru wa Uganda hulipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa, na maofisa wao wa kodi wanakaa hukohuko. Miaka iliyofuata kontena likaanza kufungwa kifaa cha kulifuatilia, na hapa mpakani gari likaanza kusimama upande mmoja tu badala ya pande mbili. Safari iliyokuwa ya zaidi ya wiki mbili imekuwa ya siku chache. Wafadhili wanashangilia, wenye mizigo wanashangilia, nami kwa kweli nashangilia. Ila dereva aliyekuwa akilala njiani mara nne sasa analala mara mbili, na hakuna aliyewaambia akina mama wa Salgaa.

Sasa kitisho cha kweli, ambacho naona hakuna aliyekitaja mezani kwako. Reli mpya ya SGR kutoka Mombasa ilifika Naivasha mwaka 2019 ikasimama. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Uturuki kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Maana yake wanatusubiri tuwaletee reli mlangoni. Na njia iliyochorwa upande wetu inatoka Naivasha kupitia Narok na Bomet mpaka Kisumu. Haikanyagi Nakuru. Siku kontena litakapopakiwa Mombasa na kushushwa Kampala bila tairi kugusa lami, hapo ndipo popo wako watapata vyumba. Lakini reli hujengwa kwa mabilioni na kwa mapatano ya serikali mbili, si kesho wala kesho kutwa.

Kuhusu serikali yao, uliyoniuliza kwa mkato, nami nitajibu kwa mkato. Rais Museveni aliingia Januari 1986. Katiba ya 1995 ilikuwa na ukomo wa mihula, ukaondolewa 2005, na kikomo cha umri wa miaka 75 kikaondolewa 2017. Tangu aingie yeye, sisi tumepitia kwa Moi, Kibaki, Uhuru na Ruto. Nakubaliana na wanaosema huo si utaratibu wa kuigwa. Lakini kwa mambo ya njia na bandari unaleta kitu kimoja: ahadi na kinyongo vyote viko kwa mtu yuleyule, na anakumbuka. Huku chini, kila kijiji kina mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na nikienda kununua maharagwe ndani kwa mara ya kwanza nabisha kwake kabla ya kubisha kwa mkulima. Wilaya ina mwenyekiti aliyechaguliwa na mjumbe wa rais aliyeteuliwa, na ukitaka jambo liishe haraka utajua upesi ni yupi wa kumsalimia kwanza. Wafalme wamerudishwa tangu 1993, wana heshima kubwa, ila siasa wamekatazwa.

Nikirudi kwenye biashara, niseme na letu, maana hapa ndipo mimi hukasirika. Kusini mwa Uganda mvua hunyesha misimu miwili, hivyo wanavuna mahindi na maharagwe kuanzia Juni, wakati ya Trans Nzoia bado ni mabichi shambani. Ndiyo maana gorogoro la mahindi hushuka bei huku kwetu miezi hiyo. Machi 2021 Nairobi ikapiga marufuku mahindi yao na ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti ya vyeti na usajili. Sumukuvu inaua, sibishi, na gunia lililovunda nalirudisha mwenyewe. Lakini kufunga mpaka usiku mmoja, malori yakiwa njiani, si kupima sumu. Kabla ya hapo ilikuwa maziwa, kabla yake sukari, na mayai nayo yana hadithi yake. Wenzetu wale ni wateja wakubwa wa saruji, chuma, mafuta ya kupikia na chumvi ya Kenya. Tunawauzia kwa mkono mmoja na kuwafungia kwa mwingine, halafu tunashangaa wakipeleka nafaka Juba. Wana kahawa pia, zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60 kwa mwaka, inayorudi Mombasa kwenye makontena yaleyale. Dhahabu ndiyo inayoongoza kwa thamani, ingawa sehemu kubwa si ya ardhi yao, huletwa kutoka kwa majirani ikasafishwa. Dhahabu hupanda ndege. Kahawa inapita Salgaa, kwa hiyo iombee kahawa.

Sasa vyumba. Usichukue mkopo wote. Jenga vinne, si kumi na viwili, na pesa nyingine uitie kwenye uwanja wa kuegesha wenye ukuta, taa na mlinzi anayelala mchana, pamoja na bafu la maji moto la kulipia. Dereva wa siku hizi hana muda wa kulala kama zamani, lakini mzigo uliofungwa kifaa humtia presha, na atalipa ili asimame saa mbili bila kuibiwa dizeli au kukatiwa turubai. Waulize madereva wenyewe, hasa wenye namba za Uganda, wangelipa kiasi gani. Waulize wakiwa bado hawajaagiza chakula, maana wakishashiba watakusifu tu. Na marejesho yapangwe ya miaka michache, yaishe kabla reli hiyo haijafika Malaba. Sako wakikataa kupunguza mkopo, niambie, tutazungumza na chama chetu huku.

Maharagwe ya njano yameanza kushuka upande wa pili. Mimi navusha kwa cheti kile rahisi cha mizigo ya chini ya dola 2,000, kwa hiyo sina gharama nyingi za wakala. Ukitaka magunia matatu au manne kabla watu wa Nairobi hawajayafikia, nipigie kabla ya Alhamisi, yule wa chumvi anarudi bila mzigo na ameahidi kunibebea kwa bei nzuri.

Msalimie Baba Chebet na watoto.

Ni mimi wako,
Mama Nafula