Anayerudi kuitazama nyumba ya kwao apande darini kwanza

Mhariri,

Kila likizo Mji Mkongwe wa Unguja hupokea watu waliokuja kuziona nyumba walizozaliwa. Wanatoka Muscat, Dubai, London, wengine Dar es Salaam tu. Husimama uchochoroni wakatazama juu, wakaona mti umeota ukutani na roshani imeinama, wakatikisa kichwa: nyumba imezeeka. Sisi tunaoshika chokaa kila siku tunaomba nafasi tuseme kwamba mara nyingi uzee umesingiziwa. Nyumba ilifungwa.

Nyumba ya mawe haikujengwa ikae miaka mia bila kuguswa. Kuta zake, nene nusu mita na zaidi, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hunywa maji ya mvua kisha ikayatoa jua likiwaka. Dari hubebwa na boriti za mkoko. Boriti nzuri haipiti sana mita 3, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Waliojenga walijua vitu hivi huliwa na wakati. Kuta zilipakwa chokaa upya, boriti iliyooza ikatolewa na nyingine ikatiwa. Chumba cha bibi unachokikumbuka kana kwamba hakikuwahi kubadilika, huenda kilishabadilishwa boriti mara mbili kabla hujazaliwa.

Milango ikifungwa, maradhi huanzia juu. Bati limetoboka au mfereji wa paa umeziba majani, maji yanamwagikia kichwani mwa ukuta. Yanashuka kwa ndani mpaka pale boriti ilipoingizwa ukutani, mahali pasipofika hewa. Boriti huozea hapo, ilhali katikati yake, panapoonekana, ni nzima kabisa. Mchwa humalizia. Siku dari inaposhuka, jirani husema imeanguka ghafla.

Kwa hiyo ukifika, usianzie sebuleni. Chukua bisibisi na tochi, pita boriti moja moja, uichome pale inapokutana na ukuta. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, hiyo imekwisha hata kama imepakwa rangi juzi. Isitolewe kabla ya kuegemeza dari kwa miti chini yake, na zisitolewe mbili za jirani kwa pamoja. Mpya iwe imekauka, na kichwa chake kilazwe juu ya chokaa, kiachiwe upenyo wa kidole cha hewa pembeni. Wengi hukizika ndani ya saruji wakidhani wameimarisha. Wamekianzishia uozo mwingine.

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, ila ufa wenyewe wachache wanajua kuusoma. Paka kipande cha jasi juu ya ufa, uandike tarehe. Masika yakipita jasi ikiwa haijakatika, ukuta umetulia na ufa huo unazibika kwa chokaa. Ikikatika, ukuta unatembea, na hapo anatakiwa mhandisi, si fundi wa rangi.

Sasa saruji, ambayo ndiyo ugomvi wetu mkubwa. Mwenye nyumba hurudi na fedha, huona lipu inabanduka, huagiza ipigwe ya saruji ngumu. Mwaka wa kwanza inapendeza. Lakini saruji haipumui: unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, hukwea juu zaidi ukibeba chumvi, na chumvi ikikauka huvimba nyuma ya lipu na kuisukuma pamoja na ngozi ya jiwe. Ule unga mweupe unaoufuta kila asubuhi ndio huo. Dawa yake ni kuibandua polepole, kuuacha ukuta ukauke msimu mzima wa kaskazi, kisha kupiga lipu ya chokaa: kipimo 1 cha chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, kwa vipimo 3 vya mchanga uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mchanga wa pwani usiooshwa unarudisha ugonjwa uleule. Ukuta ulowanishwe kwanza, kila tabaka lisizidi sentimita 1, na lifunikwe magunia mabichi lisichomwe na jua. Wiki nzima kati ya tabaka na tabaka. Fundi anayeahidi kumaliza chumba kwa siku mbili anakuuzia saruji.

Na lile tangi la lita 1,000 juu ya paa likijaa ni tani nzima juu ya miti ya mkoko. Lishushwe uani.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Orodha haishikilii boriti. Beit al-Ajaib, jumba la sultani hapa Mji Mkongwe, iliyojengwa 1883 na kujulikana dunia nzima, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Mabadiliko yoyote yanataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na nyumba ya warithi kumi inataka warithi kumi wakubaliane, jambo gumu kuliko lipu. Wakati mnabishana, mkabidhini mtu mmoja ufunguo. Afungue madirisha mara moja kwa wiki. Mti ulioota ukutani aukate, asiung'oe, maana mizizi hutoka na mawe. Na kila mwaka kabla ya Machi apande kusafisha mfereji wa paa. Ni kazi ya asubuhi moja, ngazi na ndoo.

Mafundi wa chokaa,
Unguja