Nguo chache ni sawa, ila tuhesabu kwa kamba ya kuanikia

Ndugu Mhariri,

Ushauri wa kupunguza nguo kabatini ili kulinda mazingira umeenea, na nia yake ni njema. Taabu iko kwenye hesabu. Ile kanuni ya Wamarekani ya kuvaa vitu 33 tu kwa miezi 3, viatu na mikufu humo humo, imepangwa kwa watu wa majira manne. Tanga ni joto na unyevu, na kinachoamua idadi ya nguo hapa ni kamba ya kuanikia.

Chukua siku zinazopita kati ya kufua na kufua, ongeza siku ambazo nguo hukaa kambani wakati wa masika, kisha ongeza moja ya dharura. Anayefua kila baada ya siku 4, na nguo zikamchukua siku 2 kukauka, anahitaji mashati 7 ya kazini. Suruali huvaliwa mara mbili kabla ya kufuliwa, kwa hiyo 4 zinamtosha. Za kutokea mbili tatu. Za kushindia zisinunuliwe kabisa. Ni zile za kazini zilizopauka. Khanga tumeziacha nje ya hesabu, maana doti moja inaweza kuwa mtandio asubuhi, mbeleko mchana na shuka usiku.

Anayeshuka chini ya hapo kwa kufuata mtindo ataanua nguo mbichi, na mbichi ikikunjwa huingia kawa. Vile vidoto vyeusi vikishaota ndani ya uzi wa pamba havitoki, na wengi huvikimbilia na jiki, ambayo hudhoofisha uzi hadi shati linachanika mgongoni. Kabla ya kukunja shika mkanda wa kiuno, mifuko na kola, kwani ndiko kunakokauka mwisho. Nguo ya kuweka muda mrefu isitiwe wanga, kwa sababu kawa hula wanga.

Kwenye mitumba usiamini lebo peke yake. Chomoa uzi kwenye upindo uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu. Poliesta hukauka upesi, hilo tunakiri, lakini hushika harufu ya jasho, na kila ikifuliwa huachia nyuzinyuzi za plastiki ambazo maji ya mtaroni huzipeleka baharini.

Kabla ya kulipa, geuza nguo ndani nje. Mshono wenye akiba ya sentimita 2 unaweza kuachiwa mwili ukinenepa. Uliokatwa karibu na overloki, ule mshono wa kuzuia ukingo usifumuke, hauna msaada. Kola iliyolika upande mmoja hufumuliwa, ikageuzwa na kushonwa upya, na shati likarudi kazini. Kwapa likichanika mara kwa mara, tatizo ni mkato kubana, si uzi. Dawa ni kuongeza kipande cha pembe nne.

Na tafadhali, asianze mtu kwa kutupa. Fulana moja ya pamba hukadiriwa kumeza lita 2,700 za maji hadi kukamilika. Maji hayo yamekwisha kutumika, na kuipeleka dampo hakuyarudishi. Vaa ulizonazo mpaka zichakae, kisha zile za pamba zikate matambara. Za poliesta hazinyonyi maji, hata kudekia hazifai.

Kinachojaza makabati ya Pwani kuliko mitumba ni sare za harusi: kitambaa kimoja, mshono mmoja, kuvaliwa siku moja. Sisi mafundi ndiko tunakopata riziki kubwa, lakini tunasema hivyo hivyo: kamati zitangaze rangi, si kitambaa. Ikisemwa kijani, mwenye dera la kijani atalivaa, na asiye nalo atashona kitu cha kuvaa tena Idi.

Mafundi cherehani,
Ngamiani, Tanga