Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayesema "napiga video tu"

Mdogo wangu, hujambo? Juzi mjomba alipokuuliza siku hizi unafanya kazi gani ukamjibu "napiga video tu", nikanyamaza ila iliniuma, maana nimeona ulivyokaa siku nne uani kwa bibi ukimrekodi anavyosuka ukili, na hiyo sio kupiga video tu, wewe ni mtengeneza makala za filamu.

Na hilo neno ni zito. Makala limetoka kwenye Kiarabu, ni kitu kilichosemwa, shina moja kabisa na kauli. Wazungu wao wanasema dokumentari, ukilifuata linakupeleka kwenye Kilatini, docere yaani kufundisha, na documentum ni somo au ushahidi, na kumbe hata daktari asili yake ni hiyo hiyo docere, maana zamani dokta alikuwa mwalimu. Kwa hiyo huku kuna kusema, kule kuna kufundisha, na wewe vyote unavifanya bila kujua.

Hilo neno dokumentari Wafaransa walishalitumia kwa filamu za safari, ila kwa Kiingereza aliyelifanya lishike ni Mskochi mmoja, John Grierson. Februari 1926 aliandika kwenye gazeti la New York Sun kuhusu Moana, filamu ya Robert Flaherty ya maisha ya watu wa Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, akasema ina thamani ya kidokumentari. Sasa sikiliza hapa ndo nilipotaka ufike. Wasamoa wa wakati ule walishazoea nguo za dukani, ila Flaherty akawavalisha vitambaa vya magome ya mti ili waonekane wa kale, yaani filamu yenyewe iliyobeba neno la ushahidi ilikuwa imepangwa pangwa. Grierson mwenyewe baadaye akasema kazi hii ni kuushughulikia uhalisia kwa ubunifu, sawa, nakubali, lakini ubunifu una mpaka.

Nakwambia hivi kwa sababu siku ya pili ulimwomba bibi avue ile tisheti ya kampeni ajifunge kanga ili picha ipendeze. Alikaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Siku ya kwanza alikuwa na tisheti yake imetoboka begani, ukili kaubana kwa kidole gumba cha mguu, anasuka huku anagombana na kuku. Zile klipu usizifute. Ijumaa nakuja na flashi nizikopi.