Mtaji wa sare za Januari

Mbagala, Dar es Salaam

Mama Neema mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti, kwamba benki imekunyima mkopo wa vitambaa vya sare za Januari, niliusikiliza mara mbili ndani ya daladala hadi nikapitiliza kituo. Nimeona nikuandikie, maana mambo ya hela kwenye simu tunaishia kucheka tu.

Kwanza usijilaumu kwa benki kukurudisha. Mimi walinirudisha mwaka 2017, na daftari langu la mauzo lilikuwa safi. Mwaka ule Benki Kuu ilishusha riba inayowatoza mabenki kutoka asilimia 16 hadi 12 mwezi Machi, na Agosti ikafika 9. Redioni tukasikia mikopo sasa itapatikana. Nilipofika dirishani, afisa mikopo akaniambia mikopo chechefu, ile isiyolipwa, imewazidi, wafanyabiashara wadogo tusubiri. Hela walikuwa nazo, shoga yangu, ila kuikopesha Serikali kulikuwa na usingizi mzuri kuliko kumkopesha fundi cherehani.

Hapo nikakimbilia kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Laki tano, rejesho 25,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 650,000. Ukiitazama haraka utasema riba ni asilimia 30 kwa mwezi, lakini rejesho linaanza kesho yake, kwa hiyo laki tano nzima hukai nayo hata siku mbili. Na sare zinauzwa Januari! Oktoba ile nilikuwa narudisha hela ambayo bado ilikuwa kitambaa mezani. Wiki ya tatu rejesho likanishinda, mashine yangu ya ovaloki ikapakiwa kwenye bodaboda nikiangalia. Baba Salma mpaka leo anajua niliiuza kwa hiari yangu, na wewe liache hivyohivyo.

Aliyeniinua ni muuza vitambaa mmoja wa Kariakoo. Nilinunua kwake taslimu mwaka na nusu bila kuomba chochote, ndipo nikamwomba majora matatu kwa mali kauli. Jora la laki na nusu akalipiga 165,000, nilipe baada ya miezi miwili. Ni ghali, ndiyo, lakini ni mara moja, na nalipa nikishauza. Hati ya nyumba hakuiulizia. Alichokuwa anapima ni kama siku niliyotaja nitatokea. Msimu mmoja shule ilinichelewesha malipo, nikamfuata dukani siku mbili kabla ya ahadi na nusu ya deni mkononi. Akaniongeza wiki, na mwaka uliofuata akanipa majora manane.

Kwa hiyo mtafute wa kwako hapo Morogoro. Anza na jora moja hata kama anakupa matano.

Nusu nyingine ya mtaji inatoka kwa wazazi wa wanafunzi. Zamani niliona haya kudai kianzio, nikawa nawashonea watu wenye mishahara kwa mtaji wangu wa vitumbua. Sasa bila nusu ya bei mkasi haugusi kitambaa. Wawili watatu watanuna, waache.

Upatu nao una akili yake. Tuko 12, kila mmoja 50,000 kwa mwezi, mwenye zamu anaondoka na laki sita. Wengi wanagombania zamu ya kwanza. Mimi humwomba kijumbe aniweke Oktoba, wakati wa kununua kitambaa, maana hela ya upatu ikikukuta mwezi wa Mei inageuka kabati la vyombo.

Ile mikopo ya asilimia kumi, yaani ya fungu la mapato ya halmashauri, isiyo na riba, sajilini kikundi muiombe, ila msimu huu usiipangie kazi. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na waliokuwa wameitegemea walibaki na vyerehani vitupu.

Huyo kijana wa mkopo wa kwenye simu uliyemtaja, mfute leo hii.

Niandikie unahitaji majora mangapi na ya rangi gani. Alhamisi nakwenda Kariakoo. Nikipata bei ya jumla nitakuchukulia mawili kwa jina langu, na utanilipa Desemba 15 kwa vianzio vya wazazi. Nimeiandika tarehe hiyo ukutani.

Wako,
Mama Salma